Maman Constance, Mizani ya Kahuzi

Mu Kadutu, mutu akitaka kujua kama ataweza mulima Kahuzi, hawamuulizake anakulaka nini wala anakimbiaka kilometa ngapi. Fabien, mwenye kupelekaka watu ku milima, alikuwa anamuita tu asubuhi kule Beach Muhanzi, mahali boti zinashushaka unga, na anamuonyesha mugongo ya Maman Constance.

"Fata huyu maman mupaka ku soko. Ukifika naye, utaenda Kahuzi. Akikuacha, kuko kale kalima kadogo karibu na barrière, mulango ya parc. Nako kako na majani mazuri."

Njo test. Ingine haikukuwa.

Maman Constance alikuwa na myaka makumi ine na saba, watoto tano, na kilo makumi munane ya unga ku mugongo, kamba inapita ku paji ya uso. Ile kamba ilishachimba njia yake mu kichwa. Hata siku ya Mungu, mu misa, na kitambaa kizuri kimefungwa, kale kafereji kalikuwa kanaonekana. Kutoka Beach mupaka Kadutu inapanda, na ikiisha kupanda inapanda tena. Yeye alikuwa anaenda bila kusimama, macho chini, sawa vile mutu mwenye aliangusha funguo jana. Nyuma yake client wa Fabien, na viatu vya bei kali, na fimbo mbili za chuma, na chupa ya maji yenye wananyonyaka sawa mutoto.

Watu wa njia walishazoea. Apolline, muuza-samaki wa kona ya kwanza, alikuwa anaita kila mara:

"Maman Consta! Leo unavuta nani?"

"Sijue. Sijamuangalia."

"Anahema sawa pompi ya baiskeli! Huyu, mupeleke ku kalima!"

Mu myaka sita, Maman Constance hakukosaka hata mara moja. Mwenye alifika naye ku soko, alifika ku kilele. Mwenye alibakia mu njia akishika ukuta ya nyumba ya watu, alienda ku kalima, akapigwa picha, akarudi na furaha yake na magoti yake mbili. Hakuna hata mumoja mwenye aliteremushwa na machela. Fabien alikuwa anajisifu: "Kwangu, kila mutu na mulima wake." Mizani yenyewe hakukuwa anaitajaka.

Yeye Kahuzi alikuwa anaiona kwao mu Kasha, asubuhi akitoka inje kumwanga maji ya vyombo. Iko pale, bluu, mbali. Musifikiri alikuwa anaitamani kwa uzuri. Mutu mwenye anapanda kila siku na gunia hatamanike kupanda. Yeye alitamani kilo kumi na tano.

Ile habari ilitoka kwa Gentil, porteur, mubeba-mizigo wa Fabien ku mulima. Siku moja, wakiwa wanapumzika ku soko, Gentil akamuambia: "Kule juu, Maman, porteur habebake kupita kilo kumi na tano. Ni sheria. Wanapimaka mbele ya kupanda."

Maman Constance alicheka mupaka akakaa juu ya gunia. "Kumi na tano? Hiyo kwangu ni mukoba ya kuenda misa!"

Kisha akaacha kucheka. Juu wiki ile ile muganga wa centre de santé alishamushika shingo, akafinya hapa, akafinya pale, akamuambia: "Maman, hii mifupa inakaliana. Acha kamba. Usipoacha, mbele ya myaka mbili mikono yako haitashika hata sahani." Alitafuta muchuruzi, kabiashara kadogo, akakosa mutaji wa kuanzia. Kufua nguo za watu, wasichana walishamutangulia. Ikabakia mulima.

Akaenda kwa Fabien, mu kabureau kake ka mabao.

"Fabien mutoto yangu, niandike ku liste ya porteurs."

"Maman, sikatae. Lakini kuko règlement, sheria ya kazi. Porteur lazima akuwe alishafika ku kilele, hata mara moja."

"Nitafikaje kama haunipeleki?"

"Uende kama porteur."

"Na porteur ni mwenye alishafika."

"Njo vile."

"Hii règlement, ni nani aliandika?"

"Ni mie," Fabien akasema, na sauti ya mutu mwenye sheria ilimuangukia kutoka mbinguni.

Lakini alikuwa na adabu. Akamujazia fomu. Myaka: makumi ine na saba. Milima yenye alishapanda: hakuna. Akafika ku kasanduku ka chini, akaandika: *débutante*, ni kusema mutu mwenye anaanza tu kujifunza. Mulima yenye kumufaa: kalima kadogo.

"Yaani mie mwenye unapimiaka watu, niko débutante?"

"Maman, mizani haijipimake yenyewe."

Akafanya kosa ya kuhadisia Apolline. Ku saa sita, Beach muzima ilishajua. Tangu pale jina Consta ikakufa. Kila kona: "Débutante! Leo unavuta nani?" Alikuwa anacheka pamoja nao. Mutu akiwa na kilo makumi munane ku mugongo, kukasirika ni muzigo ingine.

Njo akafika Papa Déogratias, directeur wa projet moja ya mambo ya maji. Mutu muzuri, mupana, mwenye gari ilikuwa inamuchukua ku mulango na kumuweka ku mulango. Alishatangazia bureau yake yote kama atapanda Kahuzi. Alishanunua hata kofia. Ile asubuhi Fabien alifika Beach mbele ya client, akamuvuta Maman Constance pembeni.

"Maman, wa leo ni muzito. Usikimbie. Simama kidogo, funga kamba. Akipita, kikundi ya wiki yenye kuya nakuandika porteur. Unafika ku kilele, règlement inatimia, mambo inaisha."

"Huyu mutu haweze Kahuzi, Fabien. Angalia tumbo."

"Ni yeye anataka."

Maman Constance akaangalia tumbo. Kisha akafikiri shingo yake. Ile siku alifunga kamba mara tatu, kamba yenye haikufunguka.

"Débutante, uko mugonjwa?" Apolline akaita.

"Ni kamba!"

Papa Déogratias alifika ku soko wa kwanza, uso inatiririka jasho, mikono juu sawa mutu mwenye alishinda uchaguzi. Akamungojea, akamupiga-piga ku bega. "Pole, Maman. Ni umri, eh?"

Maman Constance akashusha gunia. Kilo kumi na tano, alijiambia. Kumi na tano.

Siku ya posho, ni kusema Jumamosi, saa tano, Gentil akamupigia telefone kutoka kule mulimani. Reseau inakata-kata. "Maman! Chukua pikipiki, pita njia ya kijiji ya Miti, mulinzi wa barrière anakungojea. Kuja na kamba."

Ile njia ya kupanda yenye client anafanyaka saa tatu, aliimaliza karibu mu nusu. Alipita mu mianzi, mu matope, akishika mizizi, kamba ku kiuno, mugongo mutupu. Ilikuwa mara ya kwanza mu myaka mingi anapanda bila muzigo, na miguu yake ilikuwa inashangaa.

Aliwakuta mahali miti inaanza kuwa mifupi. Papa Déogratias alikuwa amekaa ku muzizi, goti imevimba sawa papai. Walishamujaribishia machela, ikakataa kugeuka mu mianzi. Porteurs ine, kila mwanaume na kilo zake kumi na tano, walikuwa wanamuangalia.

"Kilele iko wapi?" Maman Constance akauliza.

Gentil akaonyesha na kidole. "Pale. Sie, saa moja. Wewe, nusu saa."

Ilikuwa pale kweli. Mawe, majani mafupi, na wingu inapita pembeni.

"Fabien, nipe ile nusu saa. Napanda, nagusa, narudi."

"Maman, mutu anaumia!"

"Anaumia tangu saa ine ya asubuhi. Na wewe ulinisemesha nini kule Beach?"

"Mvua inakuya, Maman! Ikinyesha, hata wewe hautamushusha."

"Maman, nakuomba," Papa Déogratias akasema. "Niko na watoto."

"Hata mie, Papa. Tano."

Njo yule mukubwa akaanza kulia. Kulia ya kweli, na kamasi, kofia yake mupya imeinama ku sikio. Maman Constance aliangalia kilele. Aliangalia ile kofia. Yeye njo alifunga kamba mara tatu. Bila ile kamba, huyu baba angekuwa ku kalima saa hii, anapigwa picha.

Akachuchumaa, kamba ku paji ya uso. "Panda."

Alipoinuka, kitu kililia mu shingo yake, kasauti kadogo, sawa mutu anavunja kuni kavu. Kushuka ilichukua saa ine, mvua nayo ikawakutia njiani.

"Niko muzito, Maman?"

"Unafanana na unga, Papa. Lakini unga inanyamazaka."

Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi, akafika ku kabureau, kitambaa kimefungwa ku shingo. Juu ya meza kulikuwa certificat yenye kungaa: *Déogratias, Mont Kahuzi, kilele.*

"Huyu alifika?"

"Alilipa safari yote, Maman. Nitafanya je?"

"Basi niandike na mie."

Fabien akaangalia meza. "Maman… ulifika wapi?"

"Unajua mahali nilifika."

"Chini ya kilele. Kama nakuandika wewe, na wengine watasema nini? Na ile kikundi ya wiki yenye kuya, walisikia mambo ya goti, wameacha."

Maman Constance akachukua kamba yake, akashuka Beach, juu boti ya unga ilikuwa inaingia.

Tangu ile siku, hakuna client mwenye amefika naye ku soko. Shingo imepindama upande, kidole mbili za kushoto zilishaanza kusinzia, lakini miguu inaenda sawa mutu anakimbiza mwizi. Vijana wa football, wazungu wakavu wenye miguu mirefu, wote anawaacha ku kona ya pili. Wote wanaenda ku kalima. Fabien alikuya kumubembeleza: "Punguza kidogo, Maman, agence itakufa."

"Mizani haijipimake, Fabien. Haijipunguzake pia."

Wiki hii ilikuwa zamu ya Charlène, musichana wa université, mwenye kukimbia kila asubuhi. Alifika kwa Apolline, akashika ukuta, pumzi imeisha. Juu kule, gunia ilikuwa inapotea mu watu.

"Yaya," akauliza, "ule maman… ule iko ku kiwango gani ya kupanda milima?"

Apolline akageuza samaki yake upande wa jua.

"Ule? Débutante."