Mgombea Aliyekula Matobolwa

Juzi mgombea ubunge kanigongea mlango. Nikamkaribisha ndani, akacheka, akanipa kikaratasi na kukimbilia kwa jirani. Huku ndivyo ilivyo, rafiki yangu. Mgombea ana dakika mbili tu. Bibi yangu hakulijua hilo, au alilijua akalipuuza.

Tulikuwa tunaishi Flemingdon Park, mtaa wa hapa Toronto, ghorofa ya kumi na mbili, lifti inapanda ikijisikia. Bibi alikuwa ametoka kuapa uraia, na ule ulikuwa uchaguzi wake wa kwanza. Mgombea wa wakati huo alipobisha, bibi alimshika mkono mpaka kwenye kochi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akamletea chai, karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa, alivyotumiwa kutoka kwao Usukumani. Yule bwana akatafuna kwa taabu, maskini, akatuambia kwamba sauti ya bibi ina thamani katika nchi hii. Mama yangu akatafsiri.

"Haya, basi asikilize," bibi akasema. Kampuni ya dhahabu ya hapa hapa Toronto ilikuwa imezungushia uzio shamba la kaka yake kule kwao, na ndani ya uzio kulikuwa na kaburi la mama yao. Alitaka kitu kimoja tu: lisiguswe.

Hakuwa mtu mbaya yule. Aliacha kutafuna, akasema anasikitika sana, ila sheria za Bunge lao zinaishia mpakani.

"Mbona kampuni haikuishia mpakani?"

Mama aliona haya, lakini akatafsiri. Mgombea akatazama saa, akashukuru kwa chakula.

Siku ya kura bibi alivaa kitenge kipya. Alirudi amefurahi kweli: foleni fupi, hakuna askari wa kufokea watu, hakuna wa kuwagawia kofia na kanga. "Jamani, hawa watu wanaheshimiana!" akasema, na jioni tukala pilau. Alimpigia kura yule yule, na akashinda.

Theluji haijayeyuka, kaka yake akapiga simu. Kaburi lilishafukuliwa, na mifupa imepelekwa asikokujua. Bibi alikaa kwenye kochi lile lile. Mimi ndiye niliyelia.

Siku hizi jengo letu limepakwa rangi, majirani wa zamani wamehama, na matobolwa hakuna wa kututumia. Bibi naye hayupo. Alipozidiwa, tulidhani atataka kurudishwa kwao, kama wazee wengine wote. Akakataa katakata.

"Nizikeni huku huku," alisema. "Huku hawachimbi."