Stelingi ya pikapu ya babu imekata kona yenyewe

Jamani, mikono yangu ilikuwa mapajani na stelingi ikakata kona!

Ngoja nieleze.

Mnaijua ile pikapu ya marehemu babu. Wakati wa vita vya Kagera serikali iliichukua pamoja na dereva wake, wakabebe askari. Vita vilipoisha pikapu ilirudi. Dereva hakurudi.

Sasa nimeifufua. Nimeifungia hadi pampu ya pawa stelingi, maana stelingi ya zamani ilikuwa nzito, inaua mabega. Leo asubuhi nikaongeza washa, kile kipete cha chuma, nyuma ya springi ya pampu ili presha ya mafuta ipande, nikaenda kuijaribu barabara ya Bukiriro.

Nikaachia mikono kidogo. Stelingi ikazunguka polepole kushoto, kwenye kijia kilichoota majani.

Presha imezidi, ndiyo inayoizungusha, nikajiambia. (Fundi ni mimi mwenyewe, nimlaumu nani?)

Nikatoa ile washa, nikarudi nilikotoka, nikajaribu tena. Ikanyooka vizuri kabisa.

Mpaka pale pale. Kushoto.

Safari hii nikaiacha iende.

Mwisho wa kijia kuna boma, na bibi mmoja ameshatoa miti ya kufungia lango. Ananisubiri.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mume wangu ndiye aliyeendesha hii gari. Akifika kona ile lazima apige honi. Nimeisikia, nikaja kufungua."

Mafundi wenzangu, niambieni ni presha tu.

Maana pikapu hii ilirudi kutoka vitani bila honi. Na mimi sijafunga nyingine.