Simu, au Kilichomo? Swali la Fundi Béatrice wa Yoba

Saa moja asubuhi mtaani Yoba, mjini Gitega, umeme umerudi na Béatrice Nabintu hataki kusemeshwa. Kompyuta yake yenye kioo kilichopasuka imeunganishwa kwa waya na simu ya mwalimu mmoja aliyeketi kwenye benchi. Kazi anayotaka kuifanya haina mchezo. Umeme ukikatika katikati, simu inageuka tofali.

Kabla ya kubonyeza, anageuka na kuuliza kwa Kiswahili chake cha Kivu.

"Mwalimu, unataka simu ao unataka ile iko ndani?"

Mwalimu anacheka. "Si vyote viwili?"

"Vyote haiwezekane. Chagua."

Wateja wengi huliona swali hilo la kipuuzi. Béatrice halijali hilo. Hulirudia hata mara tatu kwa mtu yule yule, uso kaukunja. Ukimjibu "fungua tu, nina haraka", anakurudishia simu yako ukafikirie nyumbani.

Ana sababu. Ndani ya simu za Android kuna kufuli lililowekwa na kiwanda ili mwenye simu asiguse mfumo unaoiendesha. Mafundi huliita bootloader. Anayelifungua anaweza kufika hadi kwenye mzizi wa mfumo, akang'oa programu nzito zilizokuja na simu, akaweka mfumo mwepesi, na simu iliyokuwa inajikokota ikaanza kutembea. Lakini waliolitengeneza kufuli hilo hawakumwamini mtu. Likifunguliwa, simu inajifuta yote: picha, namba, sauti.

"Ni sawa nyumba inakuambia: ingia, lakini mbele ya kuingia nachoma vyombo vyote," anasema Béatrice.

Ana miaka thelathini na sita. Alizaliwa Kamanyola, Kivu Kusini, na ufundi aliupata kwenye kibanda cha kaka yake. Vita vilipowafukuza alivuka mpaka na binti yake Elyse mgongoni. "Wengine walibeba godoro. Mi nilibeba bisibisi," anasema, bila kutabasamu.

Gitega haikumpokea kwa vigelegele. Miaka ya kwanza wateja walisimama barazani wakamuuliza fundi yuko wapi, na alipojibu kuwa ndiye, baadhi yao waliondoka. Leo anatoza faranga elfu ishirini kwa simu moja, na kazi haikosekani, kwa kuwa simu mpya imekuwa ndoto. Mtu anaitunza ile kuukuu kama mbuzi wa maziwa. Ila umeme ukigoma wiki nzima, Mama Elyse, kama majirani wanavyomwita, hali kwa ufundi. Anakula kwa kuuza mkaa.

Mwalimu bado anakuna kichwa anapoingia mama wa makamo mwenye vumbi hadi magotini. Anaitwa Kasilda. Ni mkulima wa Giteranyi, kaskazini mwa Muyinga, mmoja wa Warundi waliokulia Tanzania wakarudi na Kiswahili chao kilichonyooka. Jana alipanda baiskeli hadi Muyinga mjini, akalala kwa mtu wa kanisani, na saa nane za usiku akapata nafasi kwenye lori la maharage. Kwa shida hii ya mafuta, kupata lori ni bahati.

Kwenye kitambaa alichokifunga mara mbili kuna simu.

"Ni ya mwanangu Longino," anasema. "Udongo ulimwangukia kwenye shimo la dhahabu, huko Butihinda. Humu kuna sauti yake. Alijirekodi akinitania, ananiita bibi harusi, anasema ataniezekea nyumba kwa bati jekundu. Nilikuwa naisikiliza kila Jumapili. Halafu simu ikakwama, ikawa inaonyesha jina la kampuni tu, haiendi mbele."

Mwezi ujao familia inafanya kuganduka, siku ya kumaliza matanga. Ndugu watakuja hadi kutoka ng'ambo ya mpaka, pombe itakuwepo, na kila mwenye neno atasimama alitoe. Kasilda amewaahidi wote kwamba Longino naye atasema.

Béatrice anaipokea simu kwa mikono miwili, kwa heshima, na kuiwasha.

Kabla ya kitu kingine chochote, kioo kinatoa picha ndogo ya kufuli lililo wazi na maneno ya onyo. Vinakaa hapo kwa muda wa kumeza mate, kisha simu inawaka vizuri kabisa, nyepesi na safi. Béatrice haangalii tena kioo. Anamwangalia mama.

"Mama, ulipita kwa fundi mwingine?"

"Muyinga. Kijana mpole, anaitwa Esdras. Aliniambia niketi, baada ya kitambo akasema imepona."

"Alikuuliza kitu mbele ya kufungua?"

"Aniulize nini? Yeye ndiye fundi."

"Na sauti?"

"Alisema imejificha. Mashine yake ni ndogo, ya kuitafuta iko Gitega, kwa Béatrice. Ndiyo nimekuja, mwanangu. Itafute."

Hapa ndipo kazi hii inapokuwa chungu kuliko nyongo. Uongo ulikuwa mezani tayari, umepikwa na mwingine, umebaki kupakuliwa. Béatrice angeweza kusema mashine ya Gitega nayo ni ndogo, mama aende Bujumbura. Mafundi wengi wangesema hivyo, na Bujumbura wangempa jina la mji mwingine, na mwanamke huyu angemaliza maisha yake barabarani akifuata sauti isiyokuwepo.

Anavuta kigoda, anakaa naye uso kwa uso.

"Mama, nisamehe. Haikujificha. Ilifutika siku ile ile, kule Muyinga. Hakuna mashine."

Kasilda anaichukua simu, anaigeuza nyuma na mbele.

"Lakini inawaka."

"Inawaka, mama. Iko tupu."

Mwalimu amesimama, kofia mkononi, hajui aende au abaki. Kasilda anauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu:

"Ningekuja kwako kwanza, ungeitoa?"

Béatrice angeweza kujisifu. "Pengine hapana," anasema. "Lakini ningekuuliza: unataka simu, ao unataka ile iko ndani? Ungerudi nayo Giteranyi imekufa, na sauti ya mtoto iko mule, mpaka siku watu watapata njia."

"Ikae imekufa," anasema Kasilda polepole, "lakini imo."

"Ndiyo, mama."

Hapo ndipo analia. Analia kwa hasira, anaipiga simu kwenye goti, anasema simu nzima ya nini, yeye ana nani wa kumpigia. Béatrice anamwachia alie. Naye macho yake si makavu.

Baadaye, uji ukiwa umeletwa na haujaguswa, Béatrice anampigia Esdras na kuweka simu mezani ili mama asikie. Esdras si mgeni kwake. Ni kijana wa Makebuko aliyejifunza kazi kwenye baraza hili hili miaka miwili kabla ya kwenda kujitegemea Muyinga, na Béatrice alikuwa akimsifia kwa kila mtu.

"Esdras, ule mama wa Giteranyi. Ulimuuliza?"

Upande wa pili kunasikika pikipiki ikipita.

"Mama Elyse... nilishabonyeza, ndiyo nikakumbuka. Alikuwa anakaa pale, ananiangalia sawa mtoto wake. Nilishindwa kumwambia, kweli, franchement."

"Ukamutuma kwangu."

"Nilijua we utaweza kumwambia."

Béatrice anafumba macho. Katika yote aliyoyasikia tangu Kamanyola, anasema, machache yamemchoma hivyo. Kijana hakumletea mteja. Alimtwisha Béatrice aibu yake, akamtumia mama mfiwa kuibeba.

"Nilimufundisha mikono," anasema baada ya kukata simu. "Kuuliza niliona ni kitu ya kawaida, kila mutu anazaliwa nayo. Kumbe hapana."

Aliyepata la kufanya ni Kasilda. Anajifuta uso kwa kitambaa kilichokuwa kimefunga simu, anakikunja, anasema neno ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Watu nimeshawaita. Nimewaahidi sauti. Ya mwanangu haipo tena, basi nataka ya huyo kijana. Aje kwenye kuganduka, asimame mbele ya watu, aseme mwenyewe alichofanya. Simdai kitu kingine."

"Nitamuleta," anajibu Béatrice.

Ni rahisi kusema. Kufikia mchana simu ya Esdras haipatikani, na jirani yake wa Muyinga anasema kibanda kimefungwa, wateja wanabisha na kuondoka. Béatrice hajabadili nia. Ameshaongea na dereva wa lori la maharage. Mafuta yakipatikana atashuka Muyinga, atamtafuta Esdras nyumba kwa nyumba, wafike Giteranyi wawili.

Na asipompata Esdras?

Béatrice anaichomoa simu ya mwalimu kwenye waya. Mwalimu amekwisha chagua: anaondoka nayo ilivyo, nzito na polepole, na picha zake zote ndani.

"Nitasimama mi mwenyewe," anasema Béatrice. "Nitasema ni mi nilimufundisha."