Dole Gumba Juu ya Mstari wa Mwisho

Karani wa tiketi, aliyestaafu kutoka stesheni ya Kamina, ana dole gumba pana, lililobonyea kwa miaka mingi ya kutoboa tiketi. Tshala, jirani yake, alilizoea tangu enzi za Augustine, marehemu mke wa karani. Kila jioni Augustine alisoma kwa sauti hadithi ile ndefu ya majoka na falme, vitabu kumi na vinne. Akitatizwa na jina, mumewe alifungua kitabu cha mwongozo wa wahusika wa hadithi hiyo, akakohoa, akamsomea mtu yule ni nani, mtoto wa nani, wa mlima upi. Mstari wa mwisho, unaoeleza alivyokufa, aliufunika kwa dole, maana Augustine hakutaka kujua mapema.

Jana Tshala, aliyeazima kitabu cha kwanza, alikuja kuuliza habari za malkia mmoja. Karani akafungua mwongozo, akakohoa, akasoma, dole likiwa palepale.

"Na mwisho wake, papa?"

"Miye sijue, mama. Augustine aliishiaka ku buku ya kenda. Hakupendaka nimupite."

Akaufunga mwongozo taratibu, dole likiwa bado ndani.