Kuku wa Kwenye Daftari

Mwaka ule ambao watu wa Shituru, mtaa wetu wa wafanyakazi wa kiwanda cha shaba, waliacha kuulizana mshahara utatoka lini, mimi nilikuwa na wazo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, masomo nimeyaachia sekondari ya pili maana shule yenyewe ilikuwa imelala, na kanisani walikuwa wamenipa watoto wa Jumapili niwafundishe. Nikasema moyoni: hawa watoto kutwa wanasikia wakubwa wakilalamika. Acha wawe na daftari moja ambalo halina malalamiko. Kila siku mtoto aandike kitu kimoja cha kumshukuru Mungu. Niliona wazo hilo ni kubwa sana, hata nikawaona watu wa Lubumbashi wakija na gari kututazama.

Karatasi zilikuwa za baba. Alikuwa karani wa pointage, yule anayeandika nani amefika kazini na saa ngapi, na walipomrudisha nyumbani alirudi na katoni nzima. Upande mmoja mistari ya majina, upande mwingine mweupe.

“Zile ni karatasi za kazi,” aliniambia.

“Na kazi iko wapi, papa?”

Alicheka, lakini si sana. Halafu akanisogezea katoni kwa mguu.

Tulishona madaftari kwa nyuzi za gunia, majalada tukakata kwenye mifuko ya simenti, penseli moja tukaipasua kwa wembe wapate wawili. Niliwapa sheria mbili. Ya kwanza, usimwandikie Mungu uongo. Ya pili, kila siku ukurasa wake ujae. Atakayejaza yote atasoma mbele ya watu Jumapili ya Shukrani, siku ambayo kwetu kila mtu anasimama kusema Mungu amemtendea nini.

Waliandika, jamani. Mmoja alishukuru kwa sababu treni ilipita na mtu akampungia mkono. Mwingine: “Asante Mungu kaka yangu hakunipiga leo, alikuwa mugonjwa.”

Kulikuwa na msichana mmoja wa miaka kumi, wa mstari wa nyumba unaofuata wetu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Nilipofungua daftari lake nikakuta Jumatatu imejaa, Jumanne nyeupe, Jumatano imejaa, Alhamisi nyeupe. Hivyo hivyo mpaka mwisho.

“Weye unarukaruka siku juu ya nini?”

“Yaya,” akasema, akiniita dada mkubwa, “zile siku hakuna kintu.”

“Hakuna kintu? Uko na macho, uko na miguu, jua inatoka kila siku! Sema tu uko muvivu.”

Wenzake wakamcheka. “Muvivu! Muvivu!” Sikuwanyamazisha.

“Jaza,” nikamwambia. “Ukikosa kujaza, hautasoma.”

Wiki iliyofuata lilikuwa limejaa lote. Nilihesabu kurasa tu, sikusoma.

Jumapili ya Shukrani alisimama mbele na gauni lililopigwa pasi, akasoma kwa sauti ya juu. Jumanne tulikula kuku na muchele. Alhamisi tulikula samaki na mafuta mingi. Jumamosi tulikula kuku tena. Watu wakajibu amina, na papa mmoja wa nyuma akasema, “Kuku mara mbili! Nyumba gani ile, minye nihamie kule?” Kanisa zima likacheka. Na mimi nikacheka, nimevimba kifua. Mama yake tu ndiye hakucheka. Alikaa wima, mdogo wao mgongoni, akitazama ukuta.

Baada ya ibada wamama waligawa unga. Waamini wa nje ya mji walikuwa wametuma gunia moja la mahindi yaliyosagwa, kwa nyumba zilizoumia zaidi. Kwetu tulikuwa kwenye orodha, na nyumba ya yule msichana pia. Mama aliyeshika meka, ule mkebe wa kupimia, alimpimia mama yangu, wakafika wengine, kisha akafika mama wa msichana na mfuko wake mtupu. Mkebe ukasimama hewani.

“Ee mama. Sisi hatuyakula kuku tangu Noeli. Achia benzako.”

Angeweza kusema mtoto wangu amedanganya. Maneno matatu tu. Aliukunja ule mfuko mara nne, akauweka kwapani. “Haina neno, mama,” akasema, akaondoka.

Nilimvuta msichana nyuma ya kanisa.

“Ile kuku ilitoka wapi?”

Akachora mchangani kwa kidole cha mguu.

“Nakuuliza.”

“Yaya, ulisema tujaze.”

“Na zile siku, kwa nini uliziacha nyeupe?”

“Ni siku ya badogo. Siku moja badogo banakula, siku ya kufwata sisi bakubwa. Minye niliandika siku yenye nilikula, sababu ulisema tusidanganye.” Akaniinulia macho. “Mungu atakasirika juu ya ile kuku?”

Nilikuwa nimesikia watu wakitaja jambo hilo la kula kwa zamu kwa mzaha. Walikuwa wakiliita delestaji, kama umeme unavyokatwa mtaa huu ukapewa mtaa mwingine. Hata mimi nimewahi kuucheka mzaha huo.

Nilirudi mbio kwa wamama. Gunia lilikuwa limegeuzwa ndani nje, wanalikung’uta. Niliwaambia yote, kwamba mimi ndiye niliyemlazimisha. Yule wa meka aliliachia gunia.

“Na weye, mwalimu wabo, haukujua?”

“Sikujua, mama.”

“Unga imeisha, binti.”

Nyumbani nilimweleza mama yangu. Alikuwa bado hajavua viatu vya kanisani.

“Na sisi tutakula nini?”

“Minye nitaacha fungu yangu.”

“Fungu yako! Weye unakula kama ndege, nitatoa nini pale?” Akavua viatu. Kisha akafunga fundo la unga wote, akaniwekea mikononi. “Enda mbio, kabla baba yako hajarudi.”

Mama wa msichana alikuwa amekaa mlangoni. Nilipiga magoti.

“Mama, kosa ni yangu. Mutoto hakukosa kitu.”

Aliutazama unga, akanitazama mimi. “Mama yako anajua?”

“Anajua.”

Hapo ndipo alipowasha mbabula, jiko lake la makaa. Nilitaka kuaga, akanizuia. “Keti. Muntu haleti unga halafu anaenda bila kunawa mikono.” Alisonga bukari, ugali wa kwetu, akachemsha matembele bila mafuta, akawaita watoto wote sita, wadogo na wakubwa, kwenye sahani moja. Msichana alikaa mwisho, uso chini.

“Kula,” mama yake akamwambia. “Ama unangojea kuku?”

Wadogo wakacheka, naye akacheka huku akilia, akanyoosha mkono. Mimi nilimega vitonge vidogo, maana nilijua saa ile baba amefika na anauliza chakula.

Nilipoondoka mama wa msichana alinifuata mpaka njiani. Alikuwa ameacha kikombe kimoja cha unga bila kukipika, amekifunga kwenye kitambaa.

“Peleka,” alisema. “Baba yako naye ni muntu.”