Bomba la moshi lililoziba kiwandani kwetu Sumbawanga, nusura limuue mwenzangu

Wakuu, salama huko mliko? Hii si chai. Naandika nilichokiona kwa macho yangu.

Mimi ni fundi wa boila, ule mtambo wa mvuke wa kupashia mbegu joto, kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Sumbawanga. Moto tunawasha kwa maganda ya alizeti yenyewe. Ni kuni za bure, ila masizi yake usipime!

Msimu uliopita mvua za mwisho zililowesha maganda. Maganda mabichi hayawaki, yanafuka. Moshi ule unaacha utando kama lami ndani ya bomba, na majivu yananata juu yake.

Nikamwambia bosi wetu, Mama Neema, "Mama, tuzime tusafishe bomba."

"Fundi, wakulima wa Muze na Mtowisa wamejaa getini. Tumalize wiki hii kwanza."

Nikarudi kuchochea moto. Kesho yake asubuhi ilikuwa baridi ile yetu ya Ufipa. Mwenzangu Sikazwe alitangulia kuwasha, akafunga mlango na madirisha ajipashe joto.

Nafika, nakuta moshi unarudi kupitia mdomo wa tanuru. Sikazwe yuko chini, kaegemea ukuta.

"Sika, vipi?"

"Kichwa tu... nasikia usingizi."

Wakuu, usingizi ule ni sumu ya moshi. Nikamshika kwapani, nikamburuta hadi nje. Akaanza kutapika kwenye nyasi.

Mama Neema akaja mbio. Nikamwambia mbele ya wateja, "Nazima moto, na leo siwashi tena, hata ukinifukuza."

Alimtazama Sikazwe, halafu akawageukia wakulima. "Jamani, tusameheane. Leo hatukamui."

Nilitegemea kelele. Mkulima mmoja wa Mtowisa akajibu, "Alizeti haiozi leo, mama. Muwahisheni mgonjwa." Tena pikipiki iliyompeleka hospitali ilikuwa ya kwake. Walimwekea oksijeni, akapona.

Boila ilipopoa nikafungua kona ya bomba. Tundu lililobaki, ngumi yangu haikupita! Tulikwangua kwa brashi ya waya, yakatoka mapande meusi kama makaa. Maji hatukutia, maana masizi yakilowa yanakula chuma.

Pale kwenye kona nikakata kidirisha cha kusafishia. Sasa tunakifungua kila wiki, iwe foleni iwe mvua. Maganda tunayaanika chini ya bati. Kando ya bomba nimefunga mrija wa umbo la U wenye maji, unaopima mvuto wa moshi. Maji yakilingana pande zote mbili wakati moto unawaka, najua mvuto umeisha, njia inaziba. Na madirisha ya chumba kile niliyang'oa kabisa. Anayesikia baridi avae koti.

Tangu hapo moshi haujarudi ndani hata mara moja.

Funzo: bomba huziba kwenye kona, usikokuona. Moshi ukigeuka, toa watu, zima moto, ruhusa ya bosi utaomba baadaye.

Wenye mashine za mpunga kule bondeni, nyie majivu ya pumba mnayatoaje? Nasikia ni balaa zaidi. Mwagikeni hapa, na mwenye kunikosoa akosoe.