Namba Yangu Kwa Fomu ya Mama Pierrette

Mama Pierrette alizaliwa Pweto, kule Kongo, ngambo ya ziwa Mweru. Ungemutafuta miaka mbili iliyopita, ungemukuta kwa soko ya Nchelenge, huku Zambia, amekaa chini, mbele yake chisense, wale samaki wadogo wakavu wa Mweru, akipimia watu kwa kopo. Vidole vyake vilijua kama samaki imekauka ao imelowana, na mutu aliyejaribu kujiongezea juu ya kopo alipigwa kofi ya mukono palepale. Watu walicheka. Miye pia nilicheka.

Lakini macho yalikuwa yanakwisha. Wingu jeupe lilianza kwa jicho la kushoto, kisha la kuume. Munganga wa hospitali alimuambia kwamba wanganga wa macho wanakuja Mansa mara moja kwa mwaka, siku tano tu, wanatoa lile wingu, mutu anarudi kwake anaona. Mama alitaka kitu kimoja: kuona sura ya mujukuu wake, mutoto wa binti yake Orpha, aliyezaliwa mwezi wa kwanza. Alikuwa amemushika tu, hajamuona.

Sasa, sisi tuliokimbia Kongo tunaishi kwa makazi ya wakimbizi, na kwenda Mansa lazima ruhusa. Zamani uliiomba kwa biro, unapanga mustari, unasaini, basi. Siku hizi ni kwa intaneti. Na hapo njo miye ninaingia.

Ninaitwa Méschac. Niko na kibanda, kompyuta moja, mashini ya kutoa karatasi, na hasira ya karibu, watu wote wanaijua. Ninajazia watu fomu. Ile fomu inataka namba ya telefone. Ukikosa, haisogei hata kidogo, na jibu linatumwa kwa namba hiyo tu. Kwetu telefone moja inatumikia nyumba tatu. Muzee akikuja hana namba, nimufukuze? Niliandika yangu. Kesho mwingine, nikaandika yangu tena. Mwisho niliandika yangu kwa wote.

Mwezi wa tano wakafika watu waliotengeneza ile fomu, kutoka Lusaka. Mukubwa wao alikuwa dada kijana, Chikondi, hakuwa na majivuno hata kidogo. Alisema kazi bado haijaisha, wanataka kuona watu wanaitumia namna gani, ili warekebishe pale inapowatesa. Akamukalisha Mama Pierrette mbele ya telefone. Miye nikawa wa kutafsiri, Kiswahili kwa Kibemba.

Mama akasema wazi: "Maandishi siyaoni. Telefone sina. Umuambie huyu mutoto, afazali wabandike majina kwa kanisa, tusomewe siku ya ibada, kila mutu atasikia lake."

Neno la akili kabisa. Na miye nilitafsiri nini? Nilisema mama anaona fomu ni nzuri, haina matata, akikwama ninamusaidia.

Usiniulize kwa nini sawa vile wewe ni malaika. Niliogopa. Ningesema hana telefone, Chikondi angeuliza namba iliyo kwa fomu yake ni ya nani, na angekuta namba moja kwa makazi nzima. Na niseme yote, maana nimechoka kuficha: fomu ikiwa nyepesi, nani atakuja tena kwa kibanda changu? Tumbo njo ilitafsiri siku ile. Chikondi akaandika kwa daftari yake, akashukuru. Mama akanishika mukono, akasema aksanti, mwanangu, umenisemea vizuri. Mawee! Ile aksanti inaniuma mpaka leo.

Fomu ikabaki vile ilivyokuwa.

Mwezi wa nane nikamuombea mama ruhusa ya Mansa. Siku zile nilikuwa ninanunua samaki kwa shemeji yangu Stéphane, mufanyabiashara wa ngambo. Sisi wa kando ya Mweru tuna desturi yetu: ukitaka kuongea na Kongo bila kumaliza mufuko, unatoa sim ya Zambia, unaingiza ya Kongo. Telefone yangu iko na tundu moja. Nikaifunga ya Zambia kwa kipande cha karatasi, nikaenda Kabuta, kando ya ziwa, kungoja mutumbwi wa Stéphane. Nikakaa siku sita. Samaki ilikuwa mingi, nikarudi nikipiga muluzi juu ya kinga, baiskeli yangu.

Kurudisha sim tu, mesaje ikaingia: Pierrette, ruhusa yako iko tayari, uithibitishe kwa siku tatu, ao inafutwa. Ilikuwa ya siku tano nyuma. Kule Mansa wanganga walikuwa wamebakiza siku moja.

Nikakimbia biro. Ackson, mutu wa pale, akafungua mashini yake, akatikisa kichwa: imefutwa, na kuomba mupya ni juma mbili. Nilimufokea, nikamuita majina ambayo siwezi kuyasema mbele ya pasta. Hakuwa na kosa, maskini. Nilijua vile nikiwa katikati ya kufoka.

Kisha nikasikia kwamba Orpha alikuja kwa kibanda changu kila asubuhi kuuliza jibu, akakuta kufuli.

Nikamupigia Chikondi, nikamuambia yote, na maneno ya mama vile alivyoyasema. Akauliza: "Sasa nilikuja mpaka kwenu kufanya nini?" Alisema atapigania ibadilishwe, lakini fomu imekwisha kuenea wilaya nyingi, itachukua wakati.

Kwa mama nilikwenda mwenyewe. Nilimukuta na mujukuu kwa mapaja, vidole vyake vikipita polepole juu ya uso wa mutoto, paji, pua, kidevu. Nikasema kila kitu: sim, Kabuta, tafsiri ya uongo. Alijua, sawa na miye, kwamba munganga amesema jicho la kuume linaweza kungoja mwaka, la kushoto halitangoja. Nilitaka anitukane. Ningepumua.

Akauliza tu kama mwaka kesho nitamujazia tena.

Nikasema nitakujazia, mama, lakini namba yangu sitaandika tena.

"Basi utaandika ya nani?"

Nilitafuta kwa kichwa, nyumba kwa nyumba, mpaka mwisho wa makazi. Orpha hana telefone, na za wengine zinazunguka mikononi. Sikupata mutu.

"Andika yako, mwanangu," akasema. "Mwingine niko naye nani?"

Alinyoosha mukono, akautafuta wangu hewani, akangoja nimuahidi. Nikamuahidi.